Kiatu Kimoja Kiko kwa Mtani

Moshi, Alhamisi, mvua imekatika

Kwa mke wangu Tatu, mama wa watoto wangu wawili,

Assalamu alaykum. Salamu zangu zikukute umekaa penye joto, umekandwa vizuri, umekunywa uji wa pilipili manga mpaka jasho limekutoka, na binti yetu amelala bila kusumbua mtu. Mie huku sijambo. Nikisema sijambo nina maana kila kiungo isipokuwa mguu wa kushoto, na huo mguu ndio uliofanya barua hii iwe ndefu, kwa hiyo tafuta mahali pazuri pa kuegemea.

Najua hutaisoma peke yako. Bibi Siwatu akisikia karatasi inakunjuliwa tu atakuja akae miguuni pako aseme, soma kwa sauti, mjukuu wangu amesema nini. Msomee. Shikamoo bibi. Ila kuna mahali nitafika nikwambie uruke, na wewe uruke kweli. Usifanye kama barua ya mwaka jana, uliyosoma yote mpaka maneno yangu ya ndani, nikaja likizo nikakuta kijiji chetu cha Mtunda kizima kinanitania.

Barua yako niliipata kwa mkono wa kondakta wa basi la Dar, siku mbili kabla ya mbio. Niliifungua hapo hapo stendi. Nilipofika pale ulipoandika mtoto wa kike, mzima, ana nywele nyingi, nikajikuta nimekaa juu ya gunia la vitunguu la mtu. Mwenye gunia akaanza kugomba. Nikamwambia nimepata binti. Akaacha kugomba, akatoa kitunguu kikubwa kimoja akanipa, akasema mpelekee mama yake. Kitunguu nimekila, samahani, nisingeweza kukiweka mpaka nije. Na jina la Somoe nimelipenda sana. Sikukuomba umpe jina la marehemu mama, niliogopa kukuomba, na wewe umempa bila kuambiwa. Ahsante, mke wangu. Nimelitamka jina hilo peke yangu chumbani na nimelia kidogo, si vibaya ukijua.

Mwisho wa barua uliandika mstari mmoja peke yake: safari hii mtoto atolewe na baba yake. Hukuongeza neno. Nimeusoma mstari huo mpaka karatasi imechakaa pale ilipokunjwa. Nakumbuka vizuri kwamba mwanetu Athumani alipotimiza siku arobaini za kutolewa nje mie nilikuwa juu mlimani na mizigo ya wageni, na kaka Hamisi ndiye aliyembeba akamzungusha nyumba badala yangu. Mpaka leo mtoto akianguka anamlilia baba yake mkubwa, mie nimesimama hapo hapo. Basi jibu langu ni kwamba nitakuja, na Somoe nitamzungusha nyumba mwenyewe, kwa miguu yangu. Ila nusura isiwe hivyo, na nataka uisikie habari hiyo kwangu kabla hujaisikia kwa mwingine.

Uliwahi kuniuliza mtu mzima mwenye mke anakimbilia nini mlimani na hakuna anayemfukuza. Sikukujibu kwa sababu mwenyewe nilikuwa sijui. Ilianza hivi. Sisi wapagazi, ambao huku wanatuita wagumu, tulikuwa tukishuka na mizigo ya wageni, na mama mmoja akawa anakaa getini anatutazama tunavyoteremka. Huyo ni Mama Ndeshi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwembamba, anavaa traksuti na khanga juu yake, na shingoni ana filimbi ambayo sijawahi kumsikia akiipuliza. Alikuwa akitafuta watu wa kuwafundisha mbio ndefu za mlimani, zile wageni walizoanza kuzileta tangu kila kitu kilipokuwa ruksa. Ni ndefu kuliko marathoni. Unaondoka bado kiza, unapanda msitu, unatokezea penye nyasi kavu na baridi ya kuuma masikio, unauzunguka mlima kwa ubavuni, halafu unashuka, na ukifika chini watu wameshakula cha mchana wanasubiri cha jioni. Alituchagua wachache. Mie, aliniambia baadaye, hakunichagua kwa sababu nina mbio. Alinichagua kwa sababu nilikuwa na mzigo kichwani na bado napiga soga.

Soga ndiyo kipimo chake. Jumamosi ni siku ya mbio ndefu, tunatoka baada ya swala ya alfajiri, na amri ni moja: mwende mkizungumza. Ukiona mwenzako amenyamaza, ujue anakwenda kasi mno au ana kitu kinamuuma, msimamishe. Mie nilidhani mazoezi ni kukimbia mpaka utapike. Kumbe mbio za namna hii unakwenda polepole, saa baada ya saa, mwinuko ukizidi unatembea umeshika mapaja, na kazi yako ni kuuzoeza mwili kuchoka bila kuvunjika.

Kupanda hakukunisumbua. Kilichonishinda ni kushuka. Kwetu bondeni kitu kirefu cha kupanda ni dungu la kulindia mpunga, na dungu unalishuka kwa ngazi. Mteremko wa kukimbia sikuujua. Nilikuwa natua kwa kisigino, pu, pu, pu, kama natwanga, na kesho yake mapaja yamewaka nashuka ngazi za nyumba ya kupanga kinyumenyume, nimeshika ukuta. Wachaga waliniona wakacheka wakakaa chini.

Aliyenifundisha kushuka ni Maganga. Huyu sijakuandikia habari zake, na itabidi umjue kwa sababu unakuja kumpikia. Ni Mnyamwezi wa Urambo, mpagazi kama mie, tumepanga chumba kimoja. Siku ya kwanza aliniuliza kabila. Nikasema Mndengereko, wa Rufiji. Akanyanyuka, akachukua chai yangu, akainywa yote, akasema basi wewe ni mtani wangu, siku ukifa nitakuzika mie na sanda nitaiuza. Tangu siku hiyo hajaniita jina langu. Ananiita mfu wangu. Asubuhi, mfu wangu umeamkaje. Na mie namwita mpagazi wa babu yangu, maana babu zake ndio waliokuwa wakibeba mizigo kutoka bara kuileta pwani. Ananijibu, sawa, na leo mjukuu wa tajiri umebeba nini kichwani?

Mama Ndeshi alitupanga pamoja kwa sababu hatujawahi kunyamaza. Kutoka mjini mpaka unapoanza msitu ni utani mtupu. Yeye anasema sisi Warufiji tunalima mpunga kwa ajili ya ndege, na tunatembea tunanyanyua miguu kama korongo hata penye lami. Mie namwambia kwao asali ikiwa tayari wanaume wanahamia porini, wakirudi watoto wanawauliza mnamtafuta nani. Hilo la watoto alilicheka, halafu akawa ananitazama kwa upande. Nadhani alilihifadhi.

Sasa kuna upande wa pili wa mazoezi, ambao ndio ulioniponza. Mama Ndeshi anashika mapumziko kama imamu anavyoshika saa za swala. Ukitoka mlimani hukai. Unatembea kwanza, pumzi itulie. Halafu unaingia mferejini, yale maji yanayotoka juu kwenye barafu, unasimama mpaka magotini na meno yanagongana. Ukitoka unakula mtori, halafu unalala chali miguu umeiegemeza ukutani. Kesho yake hakuna kukimbia, ni kutembea tu. Anasema barabarani unajibomoa, unajengeka ukiwa umelala. Siku za mwanzo niliona aibu, mwanamume mzima mchana kweupe miguu iko ukutani. Kwetu ukionekana hivyo msimu wa kilimo wanakuitia mganga.

Na huo mtori, Tatu, ni ndizi zimepondwa na nyama mpaka zimekuwa uji mzito, nilikuja kuambiwa ni chakula cha mzazi. Mchaga akijifungua analishwa huo. Nikamuuliza Mama Ndeshi sasa sisi tumezaa nini. Akasema mtu aliyetoka mlimani na mzazi ni wamoja, wote wamemwaga nguvu, wote wanatakiwa wafichwe ndani walishwe. Kwa hiyo tuko sawa, mke wangu, wewe uko ndani Mtunda na mie niko ndani Moshi. Tofauti ni kwamba wewe una cha kuonyesha.

Hapa ndipo pa kuruka. Mwambie bibi nimeandika habari za mvua.

Yale maji ya mfereji sikuyaamini. Nimelelewa na Bibi Siwatu, unamjua. Mtu ametoka kwenye kazi nzito, viungo viko wazi, halafu unamtia baridi? Baridi inaingia mfupani inakaa. Kwetu mwili uliochoka unakandwa kwa maji ya moto mpaka ulegee. Basi ugoko wa mguu wa kushoto ulipoanza kuniuma, mwezi kabla ya mbio, nikawa nasimama mferejini kidogo ili Mama Ndeshi anione, kisha nakwenda chumbani nabandika maji, natia chumvi, nachovya taulo, naukanda ugoko wangu vile bibi anavyokukanda wewe. Nilibonyeza kwa nguvu pale pale panapouma. Kila jioni. Na kila kukicha umezidi, na mie nasema labda moto hautoshi, naongeza moto. Maganga aliingia akanikuta, taulo linafuka mvuke, nimeuma meno. Akaweka mikono kiunoni.

"Mtani, umejifungua lini nami sikuitwa?"

Nilimwomba asimwambie Mama Ndeshi. Angenitoa kwenye mbio, na mie nilikuwa na shida na mbio hizo, nitakueleza. Maganga hakusema kitu kwa Mama Ndeshi. Aliniambia tu kwamba mguu wangu sasa ni mali yake, kama sehemu ya maiti yake, na atautazama.

Sasa endelea kusoma kwa sauti. Bibi, mikono yako haina kosa lolote.

Shida yangu ilikuwa hii. Zawadi ya mshindi wa kwanza ilikuwa baiskeli yenye gia, ya wa pili redio kubwa, na ya wa tatu cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Wenzangu wote wanataka baiskeli. Mie peke yangu katika mlima mzima nilikuwa nafanya mazoezi niwe wa tatu. Nakujua unavyoshona kwa mkono, unavyokwenda kwa jirani kuazima yake akiwa amelala mchana, unavyorudi haraka kabla hajaamka. Nikasema nitaingia Mtunda na cherehani kwenye baiskeli ya kaka Hamisi, na siku ya arobaini watu watazame mtoto na cherehani. Ulipoandika ule mstari wako nikauchanganya na tamaa yangu, nikaona vyote viwili vinawezekana. Wewe hukuandika habari ya cherehani, najua. Ni mie.

Siku ya mbio nilifunga ugoko kwa kipande cha ile khanga yako kuukuu, nikavaa raba zangu za mitumba, zile nilizokuambia zimetoka Ulaya zikiwa na tope la Ulaya. Kupanda tulikwenda vizuri, mie na Maganga, mdomo haufungwi. Msitu ulikuwa na utelezi, tukatembea. Kule juu kwenye baridi aliniambia nikifia hapa hatanizika, ardhi ni ngumu, atanisukuma tu niviringike mpaka Rufiji. Nilicheka nikakosa pumzi. Ubavuni mwa mlima tulianza kuwapita watu, mmoja mmoja, wale walioanza kwa kasi. Mzungu mmoja na kijana mmoja wa Arumeru walikuwa wamekwenda mbele kabisa. Hao sikuwa na haja nao, waende na baiskeli yao na redio yao. Nyuma yao ni mie, na Maganga mgongoni kwangu. Nilikuwa wa tatu, Tatu. Niliiona cherehani ile, nakuapia, nilisikia hata mlio wake.

Halafu mteremko ukaanza.

Nilishuka alivyonifundisha, hatua fupi fupi, magoti laini. Lakini kila mguu wa kushoto ulipotua ilikuwa kama mtu anachomeka msumari na kuuchomoa, anachomeka na kuuchomoa. Nikauma meno. Nikaanza kuhesabu cherehani kila hatua, cherehani, cherehani. Nyuma yangu nikasikia Maganga anasema, mfu wangu, ndege wamemaliza mpunga. Sikumjibu. Akasema tena, mfu wangu, mama mkwe wako anakusalimu. Sikumjibu. Nilikuwa nimenyamaza, na sikujua kama nimenyamaza.

Ghafla akanipita mbio. Nikadhani anaitaka nafasi yangu. Hilo, mke wangu, liliniuma kuliko mguu, nikasema kumbe na huyu. Mbele kidogo njia inabana, kulia ukingo wa udongo, kushoto bonde, anapita mtu mmoja tu. Alipofika hapo akasimama. Akalala chali katikati ya njia, akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

Unakumbuka msiba wa mjomba Saidi, yule mtani aliyeshuka kaburini akajilaza, akasema shimo hili nimelipenda, kaeni na maiti yenu, watu wamesimama na jeneza juani mpaka akapewa kuku? Ndivyo. Ndivyo hasa alivyolala.

Nikamwambia ondoka, si saa ya mzaha. Akasema bila kufumbua macho kwamba hapa pana kaburi na halipitwi bila ada ya mtani. Nikataka kumruka. Nilinyanyua mguu kabisa, ukabaki hewani. Hakuna aliyenishika. Lakini mtu amelala kama maiti, mikono kifuani, mie nimruke? Bibi angejua hata akiwa Mtunda. Nikaushusha mguu. Nikamtukana. Nilimtukana matusi ambayo kwa mtu mwingine tungefikishana barazani kwa wazee, lakini mtani unamtukana unachosha mdomo wako bure, yeye anaongeza kujinyoosha tu.

Wa nyuma wakaanza kufika. Wa kwanza alikuwa Mzungu mwingine, mrefu. Akasimama, akamtazama Maganga, akanitazama mie, akaomba radhi kwa lugha yake, akamruka. Huyo ndiye aliyeondoka na cherehani yako. Akafuata mwingine, naye akamruka akicheka. Akafuata mwingine. Mie nimesimama kwa mguu mmoja natazama mgongo wa kila mmoja ukipotea kwenye kona, na machozi yananitoka, ya hasira, usifikiri mengine.

Maganga akafumbua macho. Akakaa. Uso wake haukuwa na utani hata chembe.

"Shabani," akasema, "binti yako hajakuona bado. Akuone umesimama."

Tatu, sikuwa najua kwamba jina langu analijua. Tumelala chumba kimoja mwaka mzima na zaidi, sijalisikia kinywani mwake. Nilikaa chini pale pale kwenye tope. Nililia tena, na safari hii fikiri hayo mengine. Yeye akanifungua kamba ya kiatu cha kushoto, taratibu, akakivua, akakitundika shingoni kwake. Akasema hii ndiyo ada, na kitakombolewa siku nitakayotaka mie, si siku utakayotaka wewe. Akaniokotea fimbo, akanielekeza kituo cha maji kiko wapi, akaondoka na kiatu changu kinampiga kifuani. Anazo mbio kuliko mie, jua hilo. Ile redio angeweza kuichukua. Alifika wa nane, au wa tisa, mwenyewe hataki kusema, akapewa blanketi.

Nilishuka kwa fimbo na mguu mmoja mtupu mpaka kituo cha maji. Mama Ndeshi alikuwa hapo na ndoo zake. Hakunigombeza. Aliufungua ule mguu, akauona ulivyovimba na ulivyobadilika rangi kwa kukandwa, akauingiza mwenyewe kwenye mfereji unaopita hapo, akaushikilia humo. Akaniuliza kwa nini sikusema. Nikamweleza kwamba kwetu mwili uliochoka unakandwa kwa moto. Akasema hata kwao mzazi anakandwa kwa moto, ila ugoko haujazaa. Huku anacheka, na mie nikajikuta nacheka, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia baridi ile imenisaidia.

Hospitali walipiga picha. Mfupa umeanza kuingia ufa, mwembamba kama unywele. Daktari alisema ningekimbia ule mteremko mpaka chini ungekatika, na ningekaa na plasta mpaka mtoto aanze kutambaa. Sasa sina plasta. Natembea. Nimekatazwa kukimbia muda mrefu na kubeba mizigo, lakini kusafiri ameniruhusu, na nilipomuuliza kuhusu kubeba mtoto mchanga akauliza ana uzito gani. Nikasema sijui, sijamwona. Akasema huyo mbebe.

Kwa hiyo cherehani hakuna. Nakuambia wazi ili usije ukatazama nyuma ya basi. Iliniuma siku mbili tatu, na sasa haiumi. Siku hizi madukani hapa zimejaa, si zile siku za kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, na kazi ya mlima ipo. Nitaipata kwa njia nyingine, mwendo wa kuzungumza. Mwambie Mama Zuhura, jirani anayekuazima yake, kwamba avumilie kidogo tu, na wewe uache kumvizia akiwa amelala, mwombe akiwa macho.

Wiki ijayo napanda basi la Dar, nalala kwa binamu, halafu Kibiti kama barabara itapitika. Kaka Hamisi naomba anipokee Kibiti na baiskeli, kutembea mpaka Mtunda ndiko nisikoweza bado. Mwambie pia, kwa adabu zote, kwamba namshukuru kwa kumbeba Athumani siku ile, wala sijasahau. Safari hii yeye ashike mwavuli wa kumfunika mtoto.

Maganga anakuja nami. Mzigo wangu ataubeba yeye. Amesema hii itakuwa mara ya mwisho Mnyamwezi kumbebea mzigo mtu wa pwani, na historia itafungwa kwa jogoo. Kiatu amekitia kwenye mfuko wake wa safari, haniachii. Sharti lake ni kwamba nimzungushe Somoe nyumba nzima mbele ya macho yake bila kuchechemea, ndipo ukombozi upokelewe. Akiniona nachechemea, kiatu kinakwenda Urambo. Kwa hiyo mwandae mama mkwe. Nampa shikamoo yake kwa heshima, na namwomba asishtuke akimwona mwanamume asiyemjua anaingia anafunua sufuria, anaketi kwenye kiti changu, anamwambia bibi kwamba amekuja kumpima kaburi. Bibi Siwatu hatashtuka. Bibi atamjibu, na mie nataka kuwepo.

Athumani mwambie baba yake anakuja kweli, na ana kazi yake: yule jogoo mwekundu anayefukuza watu uani asichinjwe kwa mgeni mwingine yeyote. Salamu kwa baba mkwe, nimesikia kifua kimepungua, alhamdulillahi. Salamu kwa shangazi Mwajabu aliyekushika mkono siku ya uchungu, nina zawadi yake ya kahawa. Na wewe usitoke nje kabla ya siku yako, hata kama mpunga unaliwa. Lala. Kulala ndiyo kazi, nimefundishwa na mwalimu.

Mama Ndeshi amenipa mazoezi mapya. Kila asubuhi nachukua lile blanketi la Maganga, nalikunja mpaka liwe dogo, nalifunga kwa khanga yako iliyobaki, nalipakata kifuani nazunguka nyumba ya Mama Ndeshi. Nakwenda taratibu, na naliongelesha, maana amri ni ile ile. Nalieleza habari za Mtunda, za mama yake, za ndege. Maganga anakaa barazani na kiatu changu magotini ananitazama miguu. Jana nilichechemea kwenye kona ya jikoni, akakirudisha kiatu kwenye mfuko wake. Leo asubuhi nimezunguka nyumba nzima bila fimbo. Nilipofika mlangoni sikusikia utani wowote kutoka barazani, nikageuka nione kama bado yupo. Alikuwa ameinama, anakisugua kiatu changu tope.

Ni mimi mumeo,
Shabani, baba Athumani na Somoe